Buwati Chini ya Kiti cha Yaya

Mtu wa kwanza kunipandisha hasira alikuwa fundi wa pikipiki, jirani yetu, aliyesimama uani kwetu akila muhindi wa kuchoma na kuniuliza plagi ya kuwashia ya chombo kile iko wapi. Nikamwambia hakina plagi, kinatumia umeme wa betri. Akatafuna kidogo, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema basi ugonjwa wenyewe ndio huo, hakina plagi. Wiki nzima iliyofuata hakupita mtu uani kwetu bila kuniachia ushauri wa namna hiyo, na mimi nikawa mtu mbaya, mtu wa kujibu kwa mkato, mtu ambaye hata salamu aliitoa shingo upande.

Chombo kilikuwa cha dada yangu mkubwa. Sisi tuliorudi kutoka Kongo tulizoea kumwita mkubwa wetu yaya, na hivyo ndivyo nilivyomwita tangu nijue kusema. Miguu yake yote miwili ilipooza angali mdogo, tulipokuwa bado tunaishi Masisi. Kilikuwa baiskeli ya magurudumu matatu, kiti kipana, kapu kubwa la waya nyuma, betri mbili nzito chini ya kapu, na mota iliyovuta ekseli ya nyuma kwa mnyororo. Ilifika katika kontena la misaada ya parokia, katikati ya magodoro na makoti ya baridi, bila kitabu cha maelezo. Hakuna aliyejua ni ya nini mpaka padri alipomkumbuka yaya. Mtaani waliiita velo ya umeme. Ukizungusha mshiko wa kulia inaondoka, bila kelele, na watoto walikuwa wakiikimbilia nyuma kwa sababu tu haikuwa na kelele.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumepanga nyumba juu kidogo ya Mbugangari, kwenye mteremko wa njia inayopanda kuelekea Rugerero, na mimi nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na kaseti kule chini karibu na kituo. Yaya aliuza vitunguu katika soko la Birere, ng'ambo ya bariera ndogo, kizuizi cha mpakani, upande wa Goma, Kongo. Alfajiri akina mama wa Cyanzarwe walimletea vitunguu hadi mlangoni, anavipakia kapuni, anajivuta kwa mikono yake mpaka kitini, anateremka. Jioni anarudi kapu likiwa tupu, akipanda mlima wetu mwenyewe, taratibu, mota ikinguruma kidogo kwenye kona ya mwisho. Nilikuwa nikiusikia mngurumo ule nikiwa ndani na najua nianze kupasha maji ya chai.

Ili muelewe kilichomo katika hadithi hii inabidi niseme jinsi alivyokuwa akienda kabla ya velo. Alibebwa. Nilimbeba mimi kwanza, tangu tulipokuwa watoto kule Masisi, mdogo akimbeba mkubwa mgongoni kwenda shule, na watoto wenzetu wakituchekea njia nzima. Kadiri alivyokuwa mzito nilibadilisha namna ya kumshika, mpaka akaja kusema amechoka na shule, na sote wawili tulijua hakuwa amechoka na shule. Baadaye alibebwa na vijana wa baiskeli, kwenye kerieri, mpaka siku alipoanguka mbele ya watu katikati ya njia ya bariera na miguu yake haikuweza kumsaidia kitu, akakaa mavumbini akingoja ainuliwe. Velo ilipokuja aliniambia jambo moja, na alilisema kwa utulivu kama mtu anayetaja bei.

“Sasa basi. Mi siko gunia. Gunia ndio inabebwa.”

Hatukulizungumza tena.

Velo iliharibika jioni moja huko huko Birere. Alimaliza kuuza, akapanda, akazungusha mshiko, kimya. Wakamsukuma akina mama wenzake hadi bariera, na mimi nikaitwa kumpokea. Njia nzima ya mlima nilikuwa nikisukuma na yeye amekunja mikono kifuani, hataki hata kushika usukani vizuri. Tulipofika alifanya alivyofanya kila jioni: akakaza breki ya mkono wa kushoto na kuifunga kwa ukanda wake wa mpira, ili velo isiteremke. Kwetu kila mwenye baiskeli ana ukanda wa mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, umeviringishwa kwenye usukani. Mahali penye milima huwezi kuegesha kitu chenye magurudumu bila hivyo. Ukiacha, utakikuta ziwani.

“Kesho itatembea,” nilimwambia. Nilikuwa na uhakika kabisa. Mtu anayefufua redio zilizoloa mvua na kukaliwa na mende hashindwi na mota moja.

Alinijibu kwamba kesho ni sawa, lakini isipite siku ya soko kubwa. Na hapo ndipo palikuwa na tatizo, maana meza za Birere zina sheria yake. Meza ni ya yule anayeikalia. Zamani watu walikuwa wakikodisha meza zao kwa wengine na kukaa nyumbani wakila faida, ndipo akina mama wakakubaliana: meza ikikosa mwenyewe mpaka siku ya soko kubwa ikapita, mama anayezisimamia anampa mwingine aliye kwenye foleni. Huwezi kutuma mtu akukalie. Huwezi kutuma salamu wala karatasi ya daktari. Yaya alikuwa ameingoja meza yake muda mrefu akiuza chini, kwenye gunia, watu wakimpita juu ya kichwa na vumbi la miguu yao likimwingia machoni. Kukaa mezani kulimfanya alingane kimo na wateja. Alipenda sana jambo hilo.

Nikaanza kazi kesho yake, na nilianza kwa utaratibu, kama ninavyopenda. Niliinua nyuma juu ya matofali ili magurudumu yazunguke bila kugusa chini, mbele breki ikiwa imefungwa kwa mpira kama kawaida. Nikapima betri kwa mita yangu: zimejaa. Fyuzi: nzima. Nikaitoa mota kwenye nyaya zake na kuiunganisha moja kwa moja na betri, ikazunguka kwa nguvu hadi nikaruka nyuma. Nikaupima mshiko wa mwendo huku nikiuzungusha, sindano ikapanda na kushuka bila kukwama. Nikakagua nyaya nene zote. Kulikuwa na nyaya nyingine nyembamba mbili zilizotoka kwenye mkono wa breki. Hizo nikazipita. Kwenye pikipiki nyaya kama zile ni za taa nyekundu ya nyuma, na velo haikuwa na taa ya nyuma. Nilidhani kiwanda kilibana matumizi.

Kilichobaki kilikuwa buwati. Ndivyo tulivyoliita, buwati, kisanduku cha bati chini ya kiti ambacho kazi yake ni kuigawia mota umeme kidogo kidogo kulingana na unavyozungusha mshiko. Umeme ulikuwa unaingia buwatini wote, kwa ukamilifu, na upande wa pili haukutoka hata tone. Hesabu ilikuwa nyepesi. Kinachoingia kipo, kinachotoka hakipo, basi aliye katikati amekufa.

Nikamwambia yaya nimeupata ugonjwa. Akafurahi, akaniongezea sukari kwenye chai.

Kulifungua kulinichukua nusu siku, kwa sababu lilifungwa kwa skrubu za kichwa ambacho sikuwahi kukiona na ilibidi nichonge bisibisi kutoka kwenye spoku. Ndani nilitegemea harufu ya kuungua. Fundi yeyote anaijua harufu hiyo na kusema kweli huwa inatupendeza, maana inakuonyesha mahali pa kuanzia. Sikunusa kitu. Palikuwa safi kuliko jikoni kwetu. Tranzista kubwa zilikuwa zimepangwa ukutani mwa bati, zinang'aa, hakuna iliyovimba wala kupasuka. Nikazitoa moja moja kwa pasi yangu ya kulehemu na kuzipima. Nzima. Nikarudia kuzipima kwa mita ya kuazima nikidhani yangu inanidanganya. Nzima. Kwa kutoamini macho yangu nikaamua iliyo mbaya inajificha, inapima vizuri ikiwa baridi na kufa ikipata kazi, jambo ambalo hutokea kweli kwenye redio. Nikavuka kwenda Goma kutafuta mpya.

Muuza spea niliyemwendea alikuwa na duka jembamba lililojaa matumbo ya vikuza sauti na televisheni. Alichukua tranzista yangu, akaisogeza juani, akasema ya namna hii iko, akaniletea moja iliyofutwa maandishi kwa msasa na kupigwa mhuri mpya uliopinda. Nilipomwonyesha kwamba mhuri umepinda aliniuliza kama natengeneza mashine au nasoma gazeti. Sikuwa na cha kuchagua. Nikarudi nayo, nikaichomelea, nikawasha. Kimya. Nikatoa yake nikarudisha yangu. Kimya. Wakati huo umeme wa mtaa ukakatika na pasi ikapoa mkononi mwangu, na nilimtukana muuza spea, nikaitukana kampuni ya umeme, nikalitukana hata lile kontena la misaada lililotuletea kitu kisichokuwa na kitabu.

Siku zikawa zinakwenda. Kila asubuhi yaya alikuwa ameshavaa kitenge chake cha soko, amekaa kwenye kigoda mlangoni, vitunguu pembeni, ananitazama. Na mimi kila asubuhi nilisema kesho. Nilimwambia nimsukume tu, tuache mota, nitamsukuma hadi mezani na kumrudisha. Akakataa. Alisema akifika na mtu wa kumsukuma nyuma yake, wale waliozoea kumwona anakuja peke yake wataanza tena kumsemesha kupitia kwangu. “Huyu anauza ngapi?” wataniuliza mimi, na yeye amekaa pale. Nilijua ni kweli, nilishayasikia mara nyingi, lakini nilikasirika. Nilimwambia ana kiburi. Akanikata jicho na kugeukia vitunguu vyake, akaanza kuvimenya maganda yaliyokauka ingawa havikuhitaji kumenywa.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba sikuwa na kosa la kurekebisha. Kitu kilichovunjika unakiunga, kilichoungua unakitoa. Hiki kilikuwa kizima kila mahali nilipokigusa, na hakitembei. Nilianza kuota zile tranzista. Kibandani nilirudishia watu redio zao bila kuzimaliza, na mteja mmoja aliniambia waziwazi kuwa nimeharibikiwa akili kwa ajili ya baiskeli. Usiku wa kuamkia siku ya soko kubwa, kwa kukata tamaa tu, nilianza kutilia shaka hata yale niliyoyathibitisha mwenyewe. Nikaishusha mota. Nikatoa ekseli ya nyuma na magurudumu yake. Nikaifungua mota yenyewe, ile ile niliyoiona kwa macho yangu ikizunguka, nikaipanga vipande vipande kwenye gunia. Ilikuwa nzima. Nikalala na nguo zangu.

Asubuhi yaya alitoka akakuta velo yake imekaa juu ya matofali kama mbuzi aliyechunwa, haina nyuma. Sasa hata kusukumwa ilikuwa haiwezekani. Nilisimama pale na bisibisi mkononi nikingoja anitukane, na ningeshukuru. Alitazama vipande, akatazama juu ya mlima ambako jua lilikuwa limeshatoka. Wenye vitunguu walikuwa wametangulia na mizigo yao kwenda kumpangia mezani, wakiamini atafika.

“Bon,” alisema. “Leta mugongo.”

Sikumwelewa mara moja. Au nilimwelewa na sikutaka.

“Leta mugongo, mudogo yangu. Na ni leo tu.”

Nikachuchumaa mbele ya kigoda. Akanizungushia mikono shingoni, nikapitisha yangu chini ya mapaja yake, nikasimama. Mwili unakumbuka. Nilikuwa sijambeba tangu velo ije, na bado kiuno changu kilijua chenyewe kiiname kiasi gani. Alikuwa mzito kuliko zamani. Alikuwa amejipaka mafuta, kitenge chake kilinukia sabuni, na alikuwa ameugeuza uso wake upande, mbali na sikio langu, ili nisiusikie upumuaji wake. Watu wa mtaani walitusalimia. Yule fundi wa pikipiki alitoka kwake akataka kusema kitu, akaniona nilivyomtazama, akarudi ndani. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba machozi yalinitoka, na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Njia yetu inateremka kwa kona, mawe meusi ya volkano yamejitokeza kila mahali na ukikosea hatua kifundo cha mguu kinakwenda. Tulipoanza mteremko wenyewe nilihisi kola ya shati langu inakaza upande wa kushoto. Nikapunguza mwendo. Ikalegea. Nikaendelea, ikakaza tena, safari hii ikanikaba koo hadi nikasimama. Nilidhani anateleza, nikamsogeza juu kidogo. Hakuwa ameteleza. Nikapiga hatua nyingine tatu nne za kuteremka, na mkono wake wa kushoto ukavuta kola tena, nikasimama tena, na hapo uvumilivu wangu wote uliniishia. Nilimwambia kwa ukali kwamba akinivuta hivyo siwezi kutembea, achague, ama nitembee ama anivute.

“Nafanya nini sasa,” alisema kwa aibu. “Mi nimezoea kushuka na breki mukononi. Mukono inavuta yenyewe.”

Nilisimama katikati ya njia. Mwanamke mwenye beseni la dagaa wa sambaza kichwani alituzunguka akipita, akalalamika.

Akinivuta, sitembei. Miguu yangu ilikuwa mizima, nguvu nilikuwa nazo, njia ilikuwa wazi, na sikutembea kwa sababu yule niliyembeba alikuwa ameshika breki. Nikaziona zile nyaya mbili nyembamba kana kwamba nimezishika. Hazikuwa za taa. Zilikuwa zinakwenda buwatini kuliambia kwamba mwenye chombo amekaza breki, usitoe umeme, mota isije ikashindana na breki. Na mkono ule wa kushoto ulifungwa kwa mpira kila jioni na kila nilipopima, mbele ya pua yangu, na mimi mwenyewe mara nyingine niliukaza ukanda ili velo isiyumbe nikiichokonoa. Lakini jioni ile ya Birere ulikuwa umefunguliwa, na haikutembea. Hilo nalo likajijibu: miezi yote ile ya kufungwa usiku kucha, springi ya mkono wa breki ilikuwa imechoka. Ulikuwa unarudi karibu kabisa na mahali pake, gurudumu liko huru, jicho halioni kitu, na swichi ndani bado inaamini imekazwa. Buwati halikuwa limekufa. Lilikuwa linatii.

Nikamwambia yaya yote, pale pale, nikiwa nimempa mgongo, maneno yakinitoka ovyo. Nikamwambia tugeuze, nitairudishia, nina hakika safari hii.

Alijiweka sawa mgongoni.

“Ulisema hakika tangu siku ile,” alisema. “Tufike kwanza. Mama wa meza hatangoja velo.”

Alikuwa na haki. Kwa hiyo nilimbeba mpaka mwisho nikiwa najua dawa, na sijawahi kuona njia ndefu kama ile. Tulipumzika mara kwa mara kwenye kuta za nyumba, nikimtua na kumchukua tena. Kwenye mteremko wa mwisho alitia mkono wake wa kushoto mdomoni na kuung'ata ili usinivute. Bariera ilikuwa imejaa, na afisa aliyetuona akatupisha mbele akisema mpisheni huyo mgonjwa. Nilihisi mwili wake wote unakuwa mgumu mgongoni kwangu. Hakuwa mgonjwa. Nilitaka kumwambia afisa hivyo na sikuwa na pumzi.

Birere nilimketisha mezani kwake. Mama anayesimamia meza alikuwa ameshasimama hapo, na pembeni yake mwanamke mwingine amekumbatia gunia lake la karoti, anangoja. Mama wa meza akamtazama yaya, akanitazama mimi nilivyolowa jasho, akamwambia yule wa karoti arudi kwenye foleni. Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza kama dada yangu atauza leo mpaka jioni. Yaya akajibu yeye. Akajibu kwa sauti kubwa hadi meza ya tatu wakageuka.

Nilirudi mbio. Kurudishia mota na ekseli kulinimalizia mchana, skrubu zikinidondoka majanini. Nilipokwisha niliikalia velo, nikaufungua ule mpira, nikausukuma mkono wa breki mbele kwa kidole kimoja. Ulisogea upana wa punje ya mchele. Ndani ya mkono kitu kikalia, tiki, kidogo sana. Nikazungusha mshiko na magurudumu ya nyuma yakavuma juu ya matofali.

Nilidhani ningefurahi. Nilikaa pale nimeinamisha kichwa juu ya usukani, nimejaa uchungu, nikizifikiria zile tranzista nilizozitoa na kuzirudisha, na kile kigoda mlangoni. Halafu nikaviringisha mpira ule ule upande wa pili wa usukani, uuvute mkono wa breki ufunguke vizuri, maana springi mpya sikuwa nayo. Kuanzia siku ile velo iliegeshwa kwa jiwe chini ya gurudumu.

Nikaishusha na kuipeleka Birere nimekaa juu yake mwenyewe, mtu mzima mwenye miguu, watoto wakinizomea. Kwenye bariera afisa mwingine aliitambua velo na kuniuliza mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia alipita asubuhi. Akasema leo hajaiona ikipita. Nikamwambia alipita mgongoni, na mgongo wenyewe ndio mimi. Akacheka, akaniruhusu.

Yaya alikuwa anapima vitunguu vya mwisho. Aliiona ikija yenyewe katikati ya watu na hakuacha kupima. Alimfungia mteja wake, akapokea pesa, akamshukuru, ndipo akaniuliza ilikuwa nini. Ningeweza kumwambia mambo ya springi na swichi. Nikamwambia ilikuwa breki tu, kama nilivyosema njiani.

“Mi ndio nilikuwa nafunga,” alisema.

Nikaitikia kwamba ndiyo.

“Na we ulikuwa unaiona kila siku.”

Nikaitikia tena. Alitikisa kichwa, na uso wake ulikuwa umechoka, haukuwa na kicheko wala hasira. Alifunga gunia lake. Niliinama kumwinua nimweke kitini, nilishafika karibu kabisa, mikono yangu imeshatangulia. Akaweka kiganja chake kifuani kwangu na kunisukuma polepole. Kisha akashika ukingo wa meza, akashika mshiko, akajivuta mwenyewe juu kama alivyokuwa akifanya, akaipanga miguu yake mahali pake kwa mikono.

Alizungusha mshiko. Velo ikaondoka bila kelele, watu wakampisha, na mama mmoja akamuuliza bei ya kesho, akamuuliza yeye. Nilidhani atanisubiri kwenye kona, kwa kuwa njia yetu ni moja na mimi nilikuwa sina nguvu ya kutembea haraka. Hakunisubiri. Niliona mgongo wake ukipungua katikati ya watu kuelekea bariera, na nilitamani sana kumwita, lakini sikumwita. Nilitembea peke yangu, na shati langu, lililokuwa limelowa tangu asubuhi pale alipokuwa amelaza kifua chake, lilianza kunipa baridi.